Jiji la Tanga na raha zake: Utulivu ulioachwa na mkonge

MGENI anayeingia Tanga kwa mara ya kwanza akitokea Dar es Salaam, umbali wa takriban kilometa 350, huulizwa na wenyeji swali moja baada ya siku mbili au tatu: je, ameuona utulivu? Wapo wanaouliza kwa fahari, na wapo wanaouliza kwa masikitiko. Wote huwa na sababu.

Tanga ilipandishwa hadhi kutoka manispaa na kuwa jiji mwaka 2005. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa ina wakazi wapatao 390,000, idadi ambayo Dar es Salaam iliipita miongo mingi iliyopita. Ni jiji ambalo mtu anaweza kutoka nyumbani, kwenda sokoni, kumjulia hali mgonjwa katika Hospitali ya Bombo, kuogelea baharini na kurejea kwake kabla ya adhuhuri, yote hayo kwa baiskeli.

Utulivu huo una historia, na haukupangwa na mtu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ya kwanza ya Tanganyika ulianza Tanga kuelekea milima ya Usambara. Kutokana na miche hiyo na reli hiyo ndiko kulikotoka majengo makubwa ya katikati ya jiji, barabara zake pana, bandari na nyumba za ghorofa zenye roshani.

Tanganyika ilipopata uhuru ilikuwa ikiongoza duniani kwa kuzalisha mkonge, na mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000. Baadaye nyuzi za viwandani zikashika soko la kamba na magunia, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ule wa zamani. Kiwanda cha mbolea nacho kilifungwa, na vijana wengi wakahamia Dar es Salaam.

Kwa hiyo, mgeni anayesifu barabara pana zisizo na foleni anasifu, bila kujua, mji uliojengwa kwa ajili ya biashara kubwa kuliko iliyobaki.

Ngamiani, mtaa kwa mtaa

Sehemu iliyo bora ya kuanzia kuifahamu Tanga si ufukweni bali Ngamiani. Mitaa yake imepangwa kwa mistari iliyonyooka na hutambulika kwa namba, kuanzia barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Mtu akielekezwa "barabara ya kumi na mbili, upande wa msikiti" hana haja ya kuuliza tena. Ni mpangilio ambao miji mingi mikubwa ya nchi hii ingeuhusudu.

Nyumba nyingi ni za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza mbele. Barazani ndipo maisha yanapoendeshwa. Asubuhi kuna vitumbua, chapati, maandazi na mbaazi za nazi, na anayechelewa kuamka hukuta masufuria yamekwisha kuoshwa. Alasiri huja muuza kahawa na birika lake juu ya jiko la mkaa, akigonganisha vikombe ili asikike mtaa wa pili. Kahawa ni chungu, hainywewi na sukari, na kinachoondoa uchungu ni kashata. Kikombe kimoja hutosha kumweka mtu barazani saa nzima akisikiliza mjadala wa bei ya samaki, wa uchaguzi au wa Simba na Yanga.

Ikifika jioni huwashwa majiko ya mihogo. Hukatwa vipande virefu, hukaangwa na kuliwa kwa pilipili, ndimu na kachumbari. Vijana huiita chipsi dume. Pembeni huwapo pweza, mishikaki na juisi ya ukwaju au ya miwa. Machungwa hutoka Muheza, mwendo wa chini ya saa moja, na katika msimu wake huuzwa yakiwa yamekwisha kumenywa ganda la juu, tayari kufyonzwa. Maziwa nayo hayatoki mbali. Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ndani na nje kidogo ya jiji ulikuzwa tangu miaka ya 1980, na maziwa ya wafugaji hao wadogo ndiyo yaliyozaa kiwanda cha Tanga Fresh, ambacho mtindi wake hunywewa hata Dar es Salaam.

Anayetaka samaki huwahi mwalo wa Deep Sea vyombo vinapoingia. Bei hupangwa kwa mdomo, na asiyejua kupatana ni vyema aende na mwenyeji.

Baiskeli inastahili kutajwa peke yake. Tanga ni tambarare, na kwa miaka mingi imejulikana kwa wingi wa baiskeli kuliko miji mingine mingi ya pwani. Mwanamke aliyevaa baibui akiendesha baiskeli, mtoto nyuma na kikapu mbele, ni jambo la kawaida ambalo hakuna anayeligeukia. Bodaboda na bajaji zimepunguza idadi ya baiskeli, lakini hazijazimaliza.

Bahari, taarabu na mpira

Upande wa Raskazone, palipokuwa makazi ya wakubwa wa enzi za ukoloni, kuna vilabu vya kuogelea vilivyojengwa kwenye kingo za ghuba. Ratiba huwekwa na maji yenyewe. Bahari ikikupwa hubaki mawe na matope, ikijaa watoto huruka kutoka kwenye ngazi. Wenyeji huijua kalenda ya bamvua kama wajuavyo siku za wiki. Wasiotaka kulipa kiingilio huenda Bustani ya Jamhuri, iliyo kando ya bahari karibu na katikati ya jiji, kutazama meli na kisiwa cha Toten kilicho mbele ya bandari.

Jina la kisiwa hicho ni la Kijerumani na maana yake ni "wafu". Kina makaburi na magofu ya misikiti, kwani wenyeji wa kale waliishi huko kabla mji haujakua upande wa bara.

Katika muziki, Tanga ina deni ambalo miji mingine haijailipa. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilitoka hapa. Kubwa zaidi, Black Star na baadaye Lucky Star ziliibadili taarabu katika miaka ya 1960 na 1970 kwa kuingiza magitaa ya umeme na kuisogeza karibu na ngoma za pwani, ikaacha kufuata Cairo katika kila jambo. Sauti ya Shakila Said, aliyefariki dunia mwaka 2016, ilisikika kutoka mjini humo hadi Mombasa na kwingineko. Sifa ya Tanga kuwa mji wa mahaba, ambayo hutajwa kwa utani kila mahali, kwa kiasi kikubwa imetokana na nyimbo hizo.

Uwanja wa Mkwakwani ni nyumba ya Coastal Union, Wagosi wa Kaya, na African Sports, Wana Kimanumanu. Coastal walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, na hadi leo wazee wa barazani huusimulia kana kwamba ni wa msimu uliopita. Mwaka 2022 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakatoka sare ya mabao 3-3 na Yanga na kufungwa kwa penalti.

Amboni na Tongoni

Kilometa nane hivi kaskazini mwa jiji, kando ya barabara iendayo Horohoro na Mombasa, yako Mapango ya Amboni. Ni mapango kumi ya mawe ya chokaa, na moja tu hutumika kwa kutembeza wageni. Ndani kuna giza, popo na miamba ambayo waongozaji huifananisha na sanamu, meli na mnyama huyu au yule. Watu bado huweka sadaka kwa ajili ya mizimu, na mgeni hushauriwa asiziguse. Wazee husimulia kuwa mapango hayo yanafika Mombasa na hata Kilimanjaro; upimaji uliofanyika mwaka 1994 ulionyesha kuwa refu kuliko yote halifiki hata kilometa moja. Simulizi ya Mombasa, hata hivyo, inaendelea kutolewa, na bila shaka inapendeza zaidi.

Katika miaka ya 1950 mapango hayo yalikuwa maficho ya Osale Otango, aliyesakwa na polisi wa kikoloni kwa kuvamia mali za walowezi. Serikali ilimwita jambazi. Masimulizi ya mitaani humwita mtetezi. Si mbali na hapo ziko chemchemi za maji moto ya salfa zinazoitwa Galanos, kwa jina la Mgiriki aliyekuwa mwenye mashamba ya mkonge.

Kusini, kiasi cha kilometa 20 kwenye njia ya Pangani, yako magofu ya Tongoni: msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yenye nguzo, ya karne ya 14 na 15. Ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kabisa ya makaburi ya kale katika mwambao wa Afrika Mashariki. Vasco da Gama alipita pwani hiyo mwaka 1498, na aliporejea mwaka 1499 aliichoma moto meli yake ya São Rafael kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Mahali penyewe ni pakimya. Hakuna foleni, na mara nyingi hakuna mgeni mwingine.

Eneo la Machui, upande huo huo, ni asili ya Shaaban Robert, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Inashangaza kwamba wanafunzi kila pembe ya nchi wanavisoma vitabu vyake na wachache mno wanajua kaburi lake liko wapi.

Samaki wa kale, bomba la sasa

Katika miaka ya 2000 wavuvi wa mkoa huo walianza kunasa katika nyavu za kina kirefu samaki wa ajabu, mkubwa, mwenye magamba magumu na mapezi kama miguu. Alikuwa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka yapata miaka milioni 65 iliyopita, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayokwenda kusini hadi upande wa Pangani. Mpango wa kujenga bandari mpya katika ghuba ya Mwambani, ndani ya eneo hilo, ulizua mjadala mkali kati ya waliotaka ajira na waliotaka samaki abaki salama.

Mjadala huo umehamia ng'ambo ya ghuba. Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, lenye urefu wa kilometa 1,443, kati yake 1,147 zikiwa Tanzania. Mafuta hayo ni mazito kama nta, hivyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima.

Bandari ya zamani nayo imebadilika. Kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikafuatwa kwa matishari, kwa kuwa gatini maji yalikuwa machache mno. Kina kimechimbwa kufikia meta 13, gati zenye urefu wa meta 450 zimeboreshwa, na meli sasa hufunga kando. Vijana wa Ngamiani ambao kaka zao walikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi wana sababu ya kubaki, na hilo hakuna wa kulibeza. Lakini malori yameongezeka, na pamoja nayo kodi ya nyumba na bei ya viwanja karibu na bahari ni mambo yanayozungumzwa barazani kuliko zamani.

Kwa anayetaka kuiona Tanga ilivyo, mabasi hushushia abiria kituo cha Kange, nje kidogo ya jiji, na bajaji humfikisha Ngamiani au Raskazone. Miezi ya Juni hadi Septemba hali ya hewa ni ya upepo na jua lisilo kali. Baiskeli huazimwa kwa kupatana na fundi yeyote mwenye moja ya ziada. Kabla ya kuondoka nayo, mteja huangalia breki.