Ukaribu wa Zahanati, Umbali wa Upasuaji: Ukunga Vijijini Tanzania Bara

Ukunga wa kitaalamu uliingia vijijini Tanganyika kupitia hospitali za misheni, kama zile za Masasi, Ndanda na Mvumi. Walionufaika walikuwa wachache: waliokaa jirani, au waliokuwa na ndugu wa kuwabeba kwa machela. Wengine walijifungulia nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi, mama zao au mama wakwe. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu.

Sura hiyo ilibadilishwa na Azimio la Arusha la 1967, na baadaye na uamuzi wa chama tawala, TANU, wa kuelekeza fedha za afya vijijini badala ya hospitali kubwa za mijini. Katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vilijengwa kwa kasi, na kliniki ya wajawazito ikawa jambo la kawaida. Hata hivyo, mama wengi waliopimwa na kuandikiwa kadi hawakurudi siku ya kujifungua. Walikuwa na sababu za haki kabisa. Kliniki ni ya mchana, kwa siku iliyopangwa. Uchungu huanza hata usiku wa manane, mto ukiwa umefurika. Zahanati nyingi zilikuwa na mhudumu mmoja au wawili, bila maji wala taa. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, wajawazito walisamehewa malipo, lakini mara nyingi walitakiwa kwenda na glavu, wembe, pamba na mpira wa kulalia vya kununua wenyewe. Wengine walikimbizwa na matusi ya leba. Mkunga wa jadi alikuwa jirani, aliwafahamu, na malipo yake yaliweza kusubiri mavuno.

Ndiyo maana tayari katika miaka ya 1980 wakunga wa jadi walianza kupewa mafunzo, na mkutano wa Uzazi Salama uliofanyika Nairobi mwaka 1987 ukaongeza msukumo. Usafi uliongezeka. Lakini mama hufa kwa kutokwa damu, kifafa cha mimba, uambukizo na uchungu pingamizi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibika kwa mikono mitupu. Anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki kwa muda wa saa mbili hivi. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi, lilifafanua mzalishaji mwenye ujuzi ni nani. Wakunga wa jadi hawakuhesabiwa, hata waliofundishwa.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yalitangulia, watumishi wakabaki nyuma. Takwimu za kitaifa zinaonyesha udhaifu wa kutegemea ukaribu wa jengo peke yake. Kati ya utafiti wa 2004–05 na ule wa 2015–16, uzazi katika vituo ulipanda kutoka asilimia 47 hadi 63, lakini makadirio ya vifo vya uzazi yalitoka 578 hadi 556 tu kwa kila vizazi hai 100,000. Mama walifika, ila mahali walipofika palikosa damu, dawa na mtu wa kupasua.

Jibu lenye nguvu zaidi limekuwa kusogeza upasuaji wenyewe hadi vituo vya afya. Lilikuwa na msingi wa zamani: tangu miaka ya 1960 Tanzania ilifundisha madaktari wasaidizi, ambao wamefanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi nje ya miji. Chigonella, nyumba za kusubiria karibu na hospitali, huwahifadhi wanaoishi mbali au wenye dalili za hatari. Kwa rufaa za dharura upo mfumo wa m-mama, ambapo simu ya bure kwa namba 115 huita gari la wagonjwa au, likikosekana, dereva wa kijijini anayelipwa kwa safari hiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 81 wakijifungulia vituoni, na ukakadiria vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Pagumu zaidi ni visiwani, kama Ukerewe, ambako rufaa ya kwenda Mwanza hutegemea chombo cha majini na hali ya ziwa, na katika vituo vyenye chumba cha upasuaji lakini visivyo na akiba ya damu.