Baasto si ya mababu

Wasee, wiki iliyopita nilimpeleka ayeeyo kliniki hapa Garissa. Ana ugonjwa wa sukari. Daktari akamwambia apunguze baasto, wali na ile chai ya vijiko vinne. Ayeeyo akakataa kabisa. Eti hicho ni chakula cha mababu. Mimi nikanyamaza (nani anabishana na ayeeyo?), lakini usiku nikaanza kufukua historia.

Baasto ilikuja na Waitaliano. Walitawala kusini mwa Somalia, na mwaka 1925 Uingereza ikawapa pia Jubaland pamoja na Kismayu, ambayo mpaka hapo ilikuwa ndani ya koloni ya Kenya. Kwenye mabonde ya Juba na Shabelle wakafungua mashamba makubwa ya ndizi za kuuza Italia. Kule Jowhar, mradi wao wa kilimo ulioanza 1920 ulilima pia miwa. Sasa angalia sahani yako: baasto, ndizi pembeni, chai tamu. Mpaka ulichorwa, lakini ukoo uko pande zote mbili, na mapishi yakavuka na watu.

Mababu wenyewe walikuwa wafugaji. Maziwa ya ngamia, nyama, nyirinyiri ya safarini, na mtama kidogo wa kubadilishana na wakulima wa mtoni. Shida ni kwamba chakula hicho kinatembea kwa miguu minne. Wakati wa vita vya shifta, 1963 hadi 1967, serikali ilikusanya watu kwenye vijiji vyenye ulinzi wasihamehame. Mifugo isipohama kutafuta malisho, inakufa. Sheria za hali ya hatari zenyewe zilikaa hadi 1991! Halafu ukame. Kuanzia mwisho wa 2020, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo.

Ukipoteza mifugo unakuja mjini, na mjini unakula kilicho dukani: ngano, mchele, sukari, mafuta. Hata msaada huja hivyo hivyo, kwa magunia. Mimi sijawahi kuona lori la msaada likishusha maziwa ya ngamia.

Asubuhi nikamsimulia ayeeyo haya yote. Akacheka, akaniuliza kama yeye ni Mwitaliano. Kisha akaanza kunitajia ngamia wa babake, mmoja mmoja, kwa majina.

Jioni nikapita Suuq Mugdi kumnunulia maziwa. Lita moja ilinigharimu kuliko pakiti ya baasto.