Pengo la Methali, Pengo la Kitendawili

Mwalimu akitamka "Haraka haraka haina…" mbele ya darasa la Kiswahili, hana haja ya kumalizia. Watoto wataitikia kwa pamoja: "baraka!" Hawakupewa majibu manne ya kuchagua, sikio lao lilikwisha kulizoea neno. Mpe mtoto huyohuyo pengo jingine katika karatasi ya mtihani, naye huenda akasita, kwa kuwa mapengo hayafanani. Wachina wa kale walikuwa na lao, Wamarekani wana lao, nasi tuna yetu.

Katika mitihani ya utumishi wa dola enzi ya nasaba ya Tang (618–907), China ilikuwa na zoezi lililoitwa tiejing. Mtahini alifungua kitabu kimojawapo cha mapokeo ya Confucius, akafunika maandishi kushoto na kulia, akaacha mstari mmoja wazi, kisha akabandika karatasi juu ya herufi chache za mstari huo. Mtahiniwa alitakiwa kuzitaja zilizofichwa. Neno lenye maana ileile halikufaa, kwa kuwa lililotafutwa ni lile lililoandikwa kitabuni. Njia ya kufaulu ilikuwa moja: kuhifadhi.

Methali zetu ziko upande huo. "Haraka haraka haina faida" ni sentensi timamu kwa sarufi na kwa maana. Hata hivyo, mtoto atakayeandika "faida" amesema kweli na alama hapati. Methali haikubali kisawe.

Ng'ambo ya pili umesimama mtihani wa GRE, ambao baadhi ya vijana wetu hukutana nao wanapoomba nafasi za shahada za juu Marekani. Mwaka 2011 mtihani huo uliacha maswali ya vinyume na ya mlinganisho wa maneno mawili mawili, ukatilia mkazo mapengo yaliyomo ndani ya sentensi na aya. Swali huwa na pengo moja hadi matatu, na anayekosea pengo moja hupoteza swali zima. Sentensi hizo si misemo ya kuhifadhi, hivyo kumbukumbu peke yake haitoshi. Tazama mfano niliouunda kwa Kiswahili:

"Ingawa mzee yule alijulikana kwa ___ wake, siku ile aliwagawia wageni fedha zake zote."

Ukipewa ukarimu, ubahili, upole na ushujaa, macho yatakimbilia ukarimu, kwa kuwa limezoea kukaa karibu na kugawa. Hapo ndipo mtego ulipo. Neno "ingawa" limegeuza sentensi, na jibu ni ubahili. Anayejaza kwa mazoea ya methali huanguka hapa. Basi ziba majibu kwa kiganja. Soma sentensi yote, tafuta neno linaloigeuza au kuiendeleza (ingawa, kwa sababu, hata hivyo, tena), kisha weka neno lako mwenyewe, hata likiwa la kawaida kabisa. Ndipo ufunue majibu na kutafuta linalolikaribia. Mapengo yakiwa matatu, anza na lile lenye vidokezo vingi, hata kama ni la mwisho.

Kiswahili kina jambo la tatu ambalo Kiingereza hakina kwa kiasi hicho. Nchini Kenya, karatasi ya Kiswahili ya KCPE, mtihani uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, iliwazoesha watahiniwa vifungu vyenye mapengo kumi na matano, kila pengo na majibu manne. Chukua sentensi kama hii: "Sokoni nilinunua ___ ulioiva vizuri." Majibu ni papai, embe, nanasi na mkungu. Yote huiva, yote huuzwa sokoni. Lakini "ulioiva" limekwisha kuamua: papai, embe na nanasi yangedai "lililoiva", na mkungu pekee ndio unaobaki. Ngeli imemnong'oneza mtahiniwa jibu kabla hajafikiria maana. Kwa kuwa Kiingereza hakina upatanisho wa namna hii, mtunzi wa GRE huficha vidokezo vyake zaidi katika maana na viunganishi. Mtunzi wetu naye akiwa hodari, huyaweka majibu yote katika ngeli moja, na hapo hoja hurudi kazini.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya pengo la Kiswahili ni hili: linataka nini? Angalia viambishi kwanza, vitaondoa majibu mengine bila jasho. Kisha jiulize kama ni methali au nahau, ambayo haibadiliki. Kama si hivyo, fuata hoja ya sentensi.

Wengi hudhani njia ya hoja ni ya kigeni. Sikubaliani nao. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Anayekisikia mara ya kwanza hana orodha ya majibu mbele yake. Ana sifa mbili tatu tu, na kwa hizo hulitafuta yai. Mtoto aliyekua na methali amefunzwa pengo la Wachina. Aliyekua na vitendawili amefunzwa pengo la Wamarekani. Mafunzo yote mawili yalikuwa nyumbani kabla ya karatasi ya mtihani kufika.

Tunakosea tunapompa mwanafunzi orodha ndefu ya msamiati na rundo la mitihani iliyopita, tukamwacha abahatishe kati ya A na D. Mwalimu mwenzangu, chukua kifungu kimoja, futa majibu yote manne, uliache darasa lijaze lenyewe na kueleza sababu. Atakayeweza kulitaja neno kabla ya kuonyeshwa hatababaishwa na majibu manne.