Mwalimu Mkuu Akihama

Oktoba 1970, katika shule ya Drew mjini Miami, mwanafunzi wa miaka 14 aitwaye James Ingraham alichelewa kutii agizo la mwalimu. Akapelekwa ofisini. Wasaidizi wawili walimshikilia juu ya meza na mwalimu mkuu akamchapa kwa kibao cha mbao zaidi ya mara 20, hata damu ikavilia chini ya ngozi na mtoto akakaa nyumbani siku kadhaa bila kuweza kwenda shule. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1977 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba katiba, inapokataza adhabu za kikatili, inawalinda wahalifu waliohukumiwa, haimlindi mwanafunzi.

Hukumu hiyo iliacha kila jimbo lichague njia yake. New Jersey ilikuwa imepiga marufuku kibao tangu 1867, Massachusetts mwaka 1971, na majimbo mengi yakafuata miongo iliyokuja. Lakini walimu walioondolewa kibao hawakupewa kitu kingine cha kushika. Walichokuwa nacho ni mlango: mtoto akikosea, atoke. Hata kabla ya hukumu, mwaka 1975, shirika la Children's Defense Fund lilikuwa limetoa ripoti iliyotokana na takwimu za serikali yenyewe, ikionyesha kwamba katika mwaka mmoja wa masomo zaidi ya watoto milioni moja walikuwa wamesimamishwa shule. Weusi walisimamishwa kupita idadi yao. Wengi hawakuwa wamempiga mtu. Baadhi walikuwa watoro, na adhabu ya utoro ikawa kukatazwa kuja shule. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inanisumbua, kwa kuwa aliyeumia zaidi ni yule yule aliyehitaji shule kuliko wenzake.

Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumfukuza kwa mwaka mzima mwanafunzi anayeleta bunduki shuleni. Wilaya nyingi ziliipanua roho ya sheria hiyo hadi kwenye ugomvi, matusi na ukaidi.

Tangu kabla ya sheria hiyo, wataalamu wa tabia walikuwa wakifuata njia nyingine. Katika kaunti ya Los Angeles, G. Roy Mayer na wenzake walichapisha mwaka 1983 utafiti wa miaka mitatu kuhusu shule zilizosumbuliwa na uharibifu wa mali. Waliwafundisha walimu kusifu zaidi na kuadhibu kidogo, na kulinganisha kazi na uwezo wa mtoto. Gharama za madirisha na madawati yaliyovunjwa zilishuka. Huko Oregon, kwenye chuo kikuu mjini Eugene, Hill Walker, George Sugai na Robert Horner walichukua mfano kutoka afya ya jamii. Ugonjwa hukingwa kwa watu wote kwanza, kisha hushughulikiwa walio hatarini, na mwisho hutibiwa wachache walioshikwa vibaya. Kwa nini shule ianzie mwishoni, kwa mtoto ambaye tayari ameharibikiwa?

Jaribio lililowapa watu moyo lilifanyika katika shule ya Fern Ridge, magharibi ya Eugene, kwenye mji mdogo wa Elmira. Wanafunzi wake walikuwa wale wa umri mgumu, baada ya msingi na kabla ya sekondari ya juu. Ofisi ilifurika watoto waliotumwa na walimu wakiwa na karatasi za makosa mkononi. Kamati ya walimu, ikiongozwa na naibu mwalimu mkuu Susan Taylor-Greene, iliketi na watafiti wa chuo kikuu na kuandika mategemeo matano tu: heshima, uwajibikaji, kufuata maelekezo, kutomgusa mwenzio kwa ubaya, na kuwapo ukiwa tayari.

Kuandika kanuni ni kazi nyepesi. Kilichokuwa kipya ni walichofanya siku za mwanzo za mwaka. Waliwatoa wanafunzi madarasani na kuwazungusha kwa makundi: ukumbi wa chakula, korido, basi, uwanja wa michezo. Kila mahali palikuwa na mwalimu anayeonyesha kwa vitendo heshima inafananaje pale, kisha watoto wakafanya mazoezi. Walifundisha tabia kama wanavyofundisha hesabu, wakiamini kwamba mtoto asiyejua hufundishwa. Aliyefanya vyema aliambiwa hivyo papo hapo. Matokeo yalichapishwa 1997: katika mwaka mmoja, karatasi za makosa zilizofika ofisini zilipungua kwa asilimia 42.

Mwaka huo huo sheria ya elimu kwa watoto wenye ulemavu iliandikwa upya, na kwa mara ya kwanza ikataja njia chanya za kusaidia tabia. Mwaka 1998 serikali ikafadhili kituo cha kitaifa cha kueneza kazi hiyo, kikiongozwa na wataalamu wa Oregon. Mwezi Mei wa mwaka huo, Springfield, mji uliopakana na Eugene, uliingia msibani. Mwanafunzi wa sekondari ya Thurston aliwaua wazazi wake, kisha akawafyatulia risasi wenzake shuleni. Wawili walikufa na wengi wakajeruhiwa. Nchi nzima iligawanyika kati ya wanaotaka walinzi zaidi na wanaotaka watoto waonwe mapema.

Hapo ndipo lilipokuja swali ambalo Fern Ridge peke yake haikuweza kulijibu. Shule moja ikibadilika kwa sababu ya naibu mwalimu mkuu mwenye bidii, itakuwaje siku atakapohama? Marekani ina wilaya za elimu zaidi ya 13,000. Kila moja ina bodi yake, ambayo mara nyingi huchaguliwa kwa kura, na bodi hiyo ndiyo inayoajiri walimu, kupanga bajeti na kuteua walimu wakuu. Washington inaweza kutoa fedha na ushauri, lakini shule inaishi au inakufa kwa uamuzi wa ofisi ya wilaya.

Maryland ililishika jambo hilo kwa mpango. Mwaka 1999 idara ya elimu ya jimbo, hospitali ya magonjwa ya akili ya Sheppard Pratt na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ziliungana kueneza mpango wa aina ya Fern Ridge. Jimbo lina mifumo 24 tu ya shule, yaani kaunti 23 na jiji la Baltimore, kwa hiyo wote waliweza kukaa meza moja. Kamati ya kila shule ilifunzwa wakati wa likizo ya kiangazi na kurudi mwaka uliofuata kwa marudio. Muhimu kuliko yote, palikuwa na wakufunzi waliozungukia shule, wakikaa na kamati na kusoma takwimu pamoja nayo. Mwalimu mkuu mpya alipofika, mkufunzi alikuwa tayari anaijua shule kuliko yeye.

Na takwimu zilikuwa na kazi. Oregon walikuwa wametengeneza mfumo wa kompyuta wa kuingiza kila karatasi ya makosa: kosa gani, wapi, saa ngapi. Kamati ingeweza kugundua kwamba ugomvi mwingi hutokea korido moja, kabla ya chakula cha mchana, basi ikabadilisha ratiba badala ya kuwaadhibu watoto ishirini. Catherine Bradshaw na wenzake wa Johns Hopkins walizipima shule 37 za msingi za Maryland kwa miaka mitano, 21 zenye mpango na 16 zisizo nao, zikiwa zimegawanywa kwa bahati nasibu. Shule zenye mpango zilitekeleza kweli yaliyofundishwa, na idadi ya wanafunzi waliosimamishwa ikashuka.

Watafiti wengine, akiwemo Kent McIntosh wa Oregon, waliuliza kwa nini shule nyingine huanza vizuri kisha huacha. Waliona kwamba hatari kubwa iko miaka ya mwanzo, na kwamba shule zinazodumu ni zile ambazo kamati zao hukutana na kutazama takwimu mara kwa mara, na wilaya zao huendelea kufundisha na kutuma wakufunzi. Kwa ofisi ya wilaya, hayo ni mambo ya kawaida kabisa ya utawala. Fedha ya mafunzo iwe kwenye bajeti ya kila mwaka, isitegemee ufadhili unaokwisha. Tangazo la kazi ya mwalimu mkuu liseme wazi kwamba atatarajiwa kuendeleza mpango. Mwalimu mgeni afundishwe kabla hajakutana na darasa, na bodi ipokee taarifa ya tabia kama inavyopokea ya mitihani. Naamini mipango mingi zaidi ya elimu imekufa kwa kukosa mambo madogo ya aina hii kuliko kwa kukosa wazo zuri.

Los Angeles inaonyesha ugumu wa kuyatimiza hayo. Wazazi wa kusini mwa jiji, wengi wao Weusi na Walatino, walijiunga katika chama cha CADRE na kuisukuma wilaya hadi mwaka 2007 ikatoa sera ya kuzitaka shule zake zote zifuate njia hii. Hawakurudi nyumbani kulala. Mwaka 2010 walitoa ripoti yao wenyewe juu ya utekelezaji katika mitaa yao: sera ilikuwa haijatekelezwa kikamilifu, na wanafunzi weusi walikuwa bado wanasimamishwa kupita idadi yao. Mei 2013 bodi ilipiga marufuku kumsimamisha mwanafunzi kwa kosa la ukaidi pekee. Idadi ya waliosimamishwa ilishuka sana, lakini miaka miwili baadaye walimu walikuwa wakilalamika hadharani kwamba wamenyang'anywa adhabu bila kuletewa watu na mafunzo yaliyoahidiwa. Walikuwa na haki kulalamika, kama wazazi walivyokuwa na haki kudai, maana pande zote mbili zilikuwa zikiiomba ofisi ile ile ilete wakufunzi.