Bitana ya hema: kitambaa gani kinafaa?

Ukiamka asubuhi ukakuta blanketi limelowa ilhali usiku mvua haikunyesha, usikimbilie kudhani turubai limetoboka. Pumzi za waliolala hupanda, zikakutana na turubai lililopoa, zikageuka matone. Katika kambi za Kigoma kama Nyarugusu, hali hii huzidi miezi ya mvua, watu wanapoziba kila upenyo.

Bitana, yaani kitambaa chepesi kinachoning'inizwa ndani chini ya turubai, hupokea matone hayo na kupunguza baridi. Haizuii mvua. Turubai linalovuja lizibwe kwanza.

Pamba nyembamba ndiyo ya kutafuta: shuka kuukuu, kitenge chepesi, au marekani (kitambaa cheupe ambacho jina lake limebaki tangu wafanyabiashara wa Marekani walipokileta pwani karne ya 19). Kabla ya kununua, kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita upande wa pili, kinafaa. Kisha dondoshea tone la maji: likinyonywa ni vizuri, likiteleza utalowa vilevile. Ubaya wa pamba ni kwamba ikilowa huwa nzito, hukawia kukauka na huota ukungu. Kwa hiyo usishone bitana moja kubwa. Shona vipande viwili au vitatu vya kufunga kwa kamba, uvishushe na kuvianika jua likitoka. Tetroni iliyochanganywa na pamba hukauka haraka zaidi, na mvua zikikolea unaweza kuiona afadhali.

Nailoni na poliesta tupu huvutia kwa bei na wepesi, lakini tunakushauri uziache. Zikishika moto huyeyuka, na matone yake hugandia ngozi. Ukiwa na shaka, kata ukanda mdogo, nenda nje mbali na nyumba, uwe na maji karibu, uushike kwa koleo na kuuwasha. Ukijikunja, ukadondosha matone na kuacha punje ngumu, ni plastiki. Pamba huacha majivu laini. Hata hivyo majivu hayo si kibali cha kuwasha moto ndani, kwa sababu pamba nyembamba nayo huwaka upesi, pengine kabla hujamfikia mtoto aliyelala. Jiko, mshumaa na koroboi visikae chini ya bitana. Pika nje.

Viroba vya sandarusi navyo ni plastiki. Chandarua chenye dawa usikikate. Kazi yake ni kitandani.

Turubai la UNHCR lina mita 4 kwa 5. Kitenge cha yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, na upana wake huzidi mita 1 kidogo, hivyo vitatu vinakaribia kutosha paa zima. Ukiwa na fedha za kimoja tu, anza juu ya wanapolala watoto. Kiache umbali wa kiganja kutoka kwenye turubai, kwa sababu kikigusana nalo kitalowa usiku kucha. Acha pia upenyo juu, upande usiopigwa na mvua, hewa yenye unyevu itoke.

Kwa wasomaji wetu wa Kakuma, ambako tatizo ni joto, kitambaa ni hicho hicho, ila chagua cheupe na uongeze nafasi ya hewa kati yake na turubai.