Kikohozi Kisicho cha TB
Mkazi wa Riruta Satellite, Nairobi, akikohoa zaidi ya wiki mbili, kwanza huambiwa apeleke makohozi yapimwe TB. Ni sawa kabisa. Lakini saratani ya mapafu nayo hukohoza, hukondesha, hata hutoa damu kwenye makohozi, na mara nyingi hugunduliwa imeshachelewa. Sababu moja imo katika historia ya vipimo vyenyewe.

Robert Koch alipotangaza vijidudu vya TB mwaka 1882, kuvitafuta kukawa kazi ya makohozi, rangi na hadubini, vitu vinavyoweza kufika hata zahanati ndogo. Eksirei ya Röntgen ikafuata 1895. Katika miaka ya 1950 Nairobi ikapata hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, ndiyo Mbagathi ya leo, jirani na Kibera. Baadaye madaktari wa Afrika Mashariki na wenzao wa Uingereza wakafanya majaribio yaliyochapishwa 1972, yakionyesha kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu. Dunia ikafuata. Hiyo ni kazi ya kujivunia kweli.

Ila ilituachia mazoea. Kwa kuwa hadubini huwakosa wagonjwa wengi wa TB, daktari aliyeona kivuli kwenye picha ya kifua aliweza kuanzisha dawa za TB hata kama makohozi hayakuonyesha kitu. Mara nyingi alipatia. Mwenye saratani, hata hivyo, alimeza vidonge mwezi baada ya mwezi huku uvimbe ukikua.

Kivuli peke yake hakithibitishi saratani. Lazima zionekane seli zake. Siti-skani, iliyompiga mgonjwa wa kwanza picha jijini London mwaka 1971, huonyesha uvimbe ulipo na ulikoenea. Kisha hutolewa kinyama kidogo, ama kwa sindano inayopenya kifuani, ama kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi mapafuni. Gustav Killian alipoanza kuchungulia njia ya hewa mwaka 1897, bomba lake lilikuwa gumu, lisilopinda. Mjapani Shigeto Ikeda ndiye aliyeleta lile linalopinda, lenye nyuzi za kioo, katika miaka ya 1960. Mtaalamu wa patholojia akishakisoma kinyama hicho ndipo aina ya saratani hujulikana na tiba kuchaguliwa.

Safari hiyo humtoa mgonjwa Riruta hadi hospitali kubwa kama Kenyatta, na nauli, foleni na gharama huwakatisha wengi tamaa. Ndiyo maana rufaa isicheleweshwe. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hujibu kwa takriban saa mbili na huiona TB nyingi inayoikwepa hadubini. Ikisema hakuna TB na kikohozi kikazidi, awe mtu alivuta sigara au la, asirudishwe nyumbani na antibiotiki nyingine tena. Na aliyeanzishiwa dawa za TB bila vijidudu kuonekana, akamaliza miezi miwili bila nafuu, anahitaji kifua chake kichunguzwe upya, safari hii kwa kutafuta saratani.