Kikaratasi cha Kethi na sahihi za Makueni

Wengi mnaosoma hii, 2013 mlikuwa bado mnavaa kaptula za shule ya msingi. Mimi nilikuwa darasa la nne huku Kitui, na kitu nakumbuka ni jina moja kwa redio ya susu asubuhi, mchana na jioni: Kilonzo, Kilonzo, Kilonzo. Juzi, nikiwa nimeachana na chuo na nina muda mwingi kuliko pesa, nikaamua kufuatilia hiyo stori kutoka mwanzo. Nikakuta yote tunayobishana leo kwa grupu za WhatsApp kuhusu maadili ya viongozi yalishajaribiwa hapa hapa Ukambani, mengi yake kaunti moja, ndani ya miaka miwili na nusu. Chukua chai, hii ni ndefu kidogo.

Anza na Machi 2013. Ni uchaguzi wa kwanza chini ya katiba ya 2010. Gavana ni kitu kipya, seneta ni kitu kipya, MCA pia. Kwa urais, Uhuru Kenyatta anatangazwa mshindi kwa kura 6,173,433, yaani asilimia 50.07. Katiba inataka zaidi ya nusu ya kura zote. Toa simu upige hesabu: kura zote zilikuwa 12,330,028, nusu yake ni 6,165,014. Jamaa alivuka mstari kwa kura kama 8,400 tu. Nchi nzima! Hao ni watu wa kujaza wodi moja hivi ya Kitui, na Kitui peke yake ina wodi 40.

Matokeo ya karibu hivyo hayalali bila kufika kortini. Mahakama ya Juu ikakaa, kesi ikaonyeshwa laivu, na hapo ndipo Wakenya wakamjua wakili mmoja wa kike aliyekuwa anasimamia shirika la AfriCOG. Kethi Kilonzo. Hakupiga kelele. Hoja yake kubwa ilikuwa daftari la wapiga kura: tulipiga kura kwa kutumia daftari gani hasa, mbona kuna zaidi ya moja, na hiki Kitabu cha Kijani kinachotajwa kimetoka wapi? Tarehe 30 Machi majaji wote sita wakakubaliana kuwa ushindi wa Uhuru ni halali. Kethi akashindwa kesi lakini akatoka pale akiwa jina kubwa. Watu wakaanza kusema huyu ni baba yake mtupu.

Baba yake alikuwa Mutula Kilonzo, aliyewahi kuwa Waziri wa Haki na Katiba, kisha wa Elimu, na Machi hiyo hiyo akachaguliwa seneta wa kwanza wa Makueni. Tarehe 27 Aprili akapatikana amefariki nyumbani kwake Maanzoni. Hata miezi miwili haikuwa imeisha tangu achaguliwe. Uchaguzi mdogo ukapangwa 26 Julai.

Wiper ikampa Kethi tiketi. Upande wa pili, Narc ikaleta Philip Kaloki, aliyewahi kuwa mbunge wa Kibwezi. Hapa sisi watu wa Kitui tusijifanye watazamaji. Wiper ni ya Kalonzo Musyoka, mtu wa Tseikuru. Narc ilikuwa ya Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati tangu 1992 hadi hiyo 2013, na wakati huo alikuwa ameegemea Jubilee. Vita vilipiganwa Makueni, majenerali wote wawili walitoka kwetu.

Kisha likaja lile swali. Katiba, Kifungu cha 99, inasema huwezi kugombea kiti cha Bunge kama wewe mwenyewe si mpiga kura aliyesajiliwa. Wapinzani wakauliza: Kethi amesajiliwa wapi? Akatoa kile kikaratasi unachopewa ukishajiandikisha. IEBC ikafungua daftari. Jina halimo. Tena tume ikasema kikaratasi chenyewe hakikutoka kwa njia inayofaa. Kamati ya tume ikamwondoa, Mahakama Kuu ikakubaliana nayo, na kabla ya kura akawa nje.

Soma hiyo tena polepole. Wakili aliyesimama mbele ya nchi Machi akisema daftari lina shida, Julai anatolewa kwa kinyang'anyiro kwa sababu jina lake halimo kwenye daftari. Mwandishi wa filamu akileta hiyo utamwambia amezidisha.

Mimi maoni yangu ni haya. Kwa sheria, uamuzi ulikuwa sawa. Huwezi kuomba kura za watu wa Wote na Emali kama jina lako halimo kwenye kitabu cha wapiga kura, hata uwe binti wa nani. Ila kuna kitu kinanikera. Ikiwa kikaratasi kilikuwepo na jina halikuwepo, basi kuna mtu mahali fulani alikitoa. Alikuwa nani? Alifanya hivyo kwa nini? Hilo ndilo swali la maadili lenyewe, na ndilo ningependa lijae kwa mikutano ya kampeni. Badala yake mambo yakasonga mbio. Wiper ikatafuta mtu mwingine na kumpata nyumba hiyo hiyo: kaka yake, Mutula Kilonzo Junior. Kaloki aliachwa mbali sana. Kutoka Mbooni hadi Mtito Andei, kaunti nzima, mtu anayefaa alipatikana kwa familia moja mara tatu mfululizo ndani ya miezi mitano. Sisemi Junior hakufaa. Nasema hatukupewa nafasi ya kulinganisha.

Sasa linganisha hiyo na stori ya zamani kidogo, ya Paul Ngei. Kiti chake kilikuwa Kangundo, ambayo leo ni Kaunti ya Machakos, lakini enzi hizo Makueni nayo ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos, ikakatwa kando 1992. Kwa hivyo ni historia yetu sote. Ngei alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, alifungwa pamoja na Jomo Kenyatta wakati wa mkoloni, na baada ya uhuru alikuwa waziri. Baada ya uchaguzi wa 1974 mpinzani wake, Henry Mulli, akaenda kortini. Mahakama ikamkuta Ngei na kosa la uchaguzi. Hapa hakuna mambo ya kikaratasi, ni kutishia mpinzani. Adhabu ilikuwa kupoteza kiti na kufungiwa kugombea kwa miaka kadhaa.

Unajua kilichofuata? Desemba 1975 Bunge likabadilisha katiba. Katiba, wasee! Haraka haraka likampa rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyepatikana na kosa la uchaguzi. Kenyatta akamsamehe rafiki yake. Ngei akasimama tena kwa uchaguzi mdogo, akarudi bungeni, na uwaziri pia. Wazee wa Machakos bado husimulia wakicheka, kama stori ya sungura na fisi. Mimi siioni ikichekesha. Mulli alifuata sheria hatua kwa hatua hadi akashinda kesi, halafu mtu mmoja Ikulu akafuta ushindi wake kwa kalamu.

Ngei alikuwa na kosa, sheria ikapinda. Kethi alikosa jina, sheria ikasimama wima. Unaweza kusema nchi ilikua kati ya 1975 na 2013, na ni kweli kiasi. Lakini subiri Makueni ya 2014 kwanza.

Gavana wa Makueni alikuwa Profesa Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria, mmoja wa waliopigania katiba mpya tangu miaka ya 90. Alichaguliwa na chama kidogo cha Muungano. Bunge la kaunti lilikuwa limejaa Wiper. Wakaanza kuvutana kuhusu bajeti. Upande wa gavana ulisema MCA wanataka kujitengea pesa kupita kiwango kilichowekwa na Msimamizi wa Bajeti. MCA nao walisema gavana hataki kuchunguzwa, na kuchunguza gavana ndiyo kazi waliyoandikwa. Ukweli ni kwamba katiba iliwapa MCA kazi hiyo, hilo halina ubishi. Ila wakati wanazozana, miradi ilisimama. Mwananchi anangoja kisima na dawa ya zahanati, wao wanabishana kuhusu safari na posho.

Tarehe 23 Septemba 2014 mambo yakalipuka, na silitumii hilo neno kama utani. Risasi zilipigwa kwenye bunge la kaunti, Wote. Watu kadhaa wakajeruhiwa, akiwemo mkuu wa wafanyakazi wa gavana. Bunge la kaunti! Mahali pa kujadili barabara ya Kibwezi kwenda Kitui.

Hapo wenyeji wakafanya kitu ambacho hakuna kaunti nyingine ilikuwa imefikisha mbali hivyo. Kifungu cha 192 cha katiba kinaruhusu serikali ya kaunti isimamishwe, na sheria ya serikali za kaunti inasema ombi hilo liungwe mkono na asilimia 10 ya wapiga kura waliosajiliwa. Kaunti ikisimamishwa, haiwezi kukaa hivyo zaidi ya siku 90, kisha mnapiga kura upya. Wote wanaenda nyumbani: MCA na gavana. Kibwana mwenyewe aliunga mkono, ingawa kiti chake pia kingeenda. Watu wakaanza kutia sahihi. Sokoni, kanisani, stendi ya matatu. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi, au dole gumba kwa mzee asiyejua kuandika. Asilimia 10 ikapita.

Hii ndiyo sehemu napenda zaidi kwa stori yote. Walikuwa hawaombi mtu fulani atolewe. Walisema: tumewapima, wote mrudi tuwapime upya, na huyo tunayempenda pia apimwe.

Rais Uhuru akaunda tume chini ya wakili Mohammed Nyaoga. Tume ikasikiliza mashahidi, ikaandika ripoti, na ikapendekeza kaunti isimamishwe. Yaani wananchi walisema, tume ikachunguza, ikaona wana haki. Kilichobaki ni rais kupeleka mbele na Seneti kuidhinisha.

Septemba 2015 rais akasema hapana. Akawataka viongozi wamalize tofauti zao.

Kuna watu huniambia rais alifanya vizuri, kwamba angekubali Makueni basi kila kaunti ingeleta makaratasi yake na nchi ingekuwa ya kupiga kura kila mwezi. Nimefikiria hiyo hoja na naona ina uzito kiasi. Kukusanya sahihi si bure, na mwanasiasa mwenye pesa aliyeshindwa kwa kura 200 za wodi anaweza kununua sahihi ili arudie mchezo. Lakini ndiyo sababu kulikuwa na tume! Kazi ya tume ilikuwa kutenganisha hasira ya kweli na ya kununuliwa, na ikafanya hiyo kazi. Kisha mtu mmoja Ikulu akafunga faili. Mwaka 1975 kalamu ilimrudisha mtu aliyekutwa na kosa. Mwaka 2015 kalamu iliwaacha viongozi kwa viti ambavyo wenyewe waliowachagua walitaka virudishwe. Katiba mbili tofauti, na jibu limetoka mlango ule ule.

Na ona jinsi vipimo vyetu vilivyo. Kile cha karatasi, yaani kadi, cheti na fomu, kinafanya kazi ndani ya wiki chache, na Kethi anaweza kukueleza. Sura ya Sita ya katiba, ile ya uongozi na uadilifu, ambayo tunaitaja kila mara, ikifika kwa matendo inakuwa nzito kama gunia la muthokoi. Mtu anapita akiwa na kesi, anapita akiwa na vurugu, bora fomu zake ziko sawa.

Agosti 2017 watu wa Makueni wakarudi kwenye foleni. Kibwana alikuwa amehamia Wiper, chama kile kile cha MCA waliomtoa jasho, na akachaguliwa tena. Wengi wa MCA wa ile vita hawakurudi. Hakuna tume iliyohitajika, ila wananchi walikuwa wamengoja miaka miwili zaidi tangu faili lao lifungwe, na zile pesa na miezi iliyopotelea Wote haikurudishwa na mtu.

Kibwana alimaliza mihula yake miwili 2022. Aliyechaguliwa gavana baada yake ni Mutula Kilonzo Junior, yule kaka aliyepata tiketi 2013 kwa sababu ya kikaratasi cha dada yake.